Kujumlisha Milinganyo ya Kikemia Hadi Kupata Mmenyuko wa Jumla: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimenyuko mingi ya viwandani, ya angani na ya ndani ya betri haikamiliki kwa hatua moja. Kila hatua ina mlinganyo wake, na swali la mtihani, au la mhandisi, huwa ni lile lile: mwisho wa yote, nini kimeingia na nini kimetoka? Majibu yafuatayo ni kwa mwanafunzi wa sekondari au chuo anayejua kusawazisha mlinganyo mmoja lakini anayumba akipewa mitatu.

Mlinganyo wa jumla unasema nini hasa?

Unasema vitu gani vimetumika, vitu gani vimebaki, na kwa uwiano gani, baada ya hatua zote kufanyika. Hausemi hatua zilipita wapi, zilichukua muda gani, wala molekuli zipi ziligongana. Anayekumbuka mpaka huo hatapata shida na nusu ya maswali yaliyo hapa chini.

Kama najua kinachoingia na kinachotoka, kwa nini nisiandike pande mbili na kusawazisha moja kwa moja?

Mara nyingi utafanikiwa, na ndiyo maana kasoro ya njia hiyo huchelewa kuonekana. Chukua permanganeti inapokutana na haidrojeni peroksaidi ndani ya asidi. Vinavyoingia ni MnO₄⁻, H₂O₂ na H⁺. Vinavyotoka ni Mn²⁺, O₂ na H₂O. Mtu akisawazisha kwa kubahatisha anaweza kuandika hivi:

2MnO₄⁻ + H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 3O₂ + 4H₂O

Kagua. Oksijeni ni 10 kila upande, haidrojeni 8, manganizi 2, chaji +4 kila upande. Hakuna mwalimu atakayeona kosa kwa kuhesabu atomu tu. Hata hivyo mlinganyo huu si wa kweli, maana unachukua sehemu ya gesi ya oksijeni kutoka kwenye permanganeti, wakati oksijeni yote inayotoka kama gesi hutoka kwenye H₂O₂. Sasa zipange nusu mbili za mmenyuko:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O
H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻

Nusu ya kwanza inapokea elektroni 5, ya pili inatoa 2. Elektroni haziwezi kubaki zikielea, kwa hiyo zidisha ya kwanza kwa 2 na ya pili kwa 5 ili zote ziwe 10. Ukijumlisha na kufuta, H⁺ 16 za kushoto zinapunguzwa na 10 za kulia:

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Tofauti kati ya milinganyo hii miwili ni kubwa. Wa kwanza unadai moli moja ya peroksaidi inamaliza moli 2 za permanganeti. Wa pili unasema ni moli 0.4. Anayepima peroksaidi maabara kwa mlinganyo wa kwanza atapata jibu lililokosewa mara tano. Vitu vinapokuwa vingi, milinganyo iliyosawazika inaweza kuwa mingi pia, na ni hatua zenyewe zinazotuambia upi ndio wenyewe.

Naruhusiwa kufanya nini na milinganyo niliyopewa?

Mambo matatu tu. Unaweza kuzidisha mlinganyo mzima kwa namba moja. Unaweza kuugeuza mzima, wa kushoto waende kulia na wa kulia waje kushoto. Na unaweza kuujumlisha na mwingine. Huruhusiwi kuzidisha upande mmoja ukauacha wa pili, wala kugusa zile namba ndogo za chini ndani ya fomula. Ukibadilisha NO kuwa NO₂ ili hesabu ikubali, umebadilisha kitu chenyewe.

Nionyeshe mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tutumie utengenezaji wa asidi ya naitriki kutoka kwenye amonia, njia inayoitwa kwa jina la Wilhelm Ostwald. Nauchagua kwa sababu una mtego mzuri.

(1) 4NH₃ + 5O₂ → 4NO + 6H₂O
(2) 2NO + O₂ → 2NO₂
(3) 3NO₂ + H₂O → 2HNO₃ + NO

Kabla ya kushika kalamu, jiulize: nini hakitakiwi kuonekana mwishoni? Hapa ni NO na NO₂. Vyote vinatengenezwa na kutumika ndani ya mchakato.

Anza na kile kinachoonekana mara chache zaidi. NO₂ ipo sehemu mbili tu: inatoka kwenye (2) na kuingia kwenye (3). Hatua ya (2) inatoa 2, ya (3) inataka 3. Namba inayokubaliana na zote ni 6, kwa hiyo (2) izidishwe kwa 3 na (3) kwa 2:

6NO + 3O₂ → 6NO₂
6NO₂ + 2H₂O → 4HNO₃ + 2NO

Sasa NO. Hatua ya (2) iliyozidishwa inahitaji NO 6. Hatua ya (3) iliyozidishwa inarudisha 2. Zimebaki 4 za kutafutwa, na hatua ya (1) inatoa 4 kamili. Iache ilivyo. Huu ndio mtego niliousema: wengi hawaioni ile NO inayotoka kwenye (3), wanasawazisha (1) na (2) peke yake, kisha wanashangaa mwishoni NO imebaki.

Jumlisha kila kilicho kushoto na kila kilicho kulia:

4NH₃ + 8O₂ + 6NO + 6NO₂ + 2H₂O → 6NO + 6NO₂ + 4HNO₃ + 6H₂O

NO inafutika, NO₂ inafutika. Maji 2 ya kushoto yanapunguza 6 za kulia, zinabaki 4. Tunapata 4NH₃ + 8O₂ → 4HNO₃ + 4H₂O, na namba zote zinagawanyika kwa 4:

NH₃ + 2O₂ → HNO₃ + H₂O

Pima kwa uzito: 17 + 64 = 81 upande wa kushoto, 63 + 18 = 81 upande wa kulia.

Je, kiwandani kweli kilo 17 za amonia hutoa kilo 63 za asidi?

Kwa karatasi, ndiyo, ila kwa sharti moja ambalo mlinganyo wa jumla haulitaji waziwazi: ile NO inayotoka kwenye hatua ya (3) lazima irudishwe ikutane na oksijeni tena. Tuseme hairudishwi, inaachwa itoke. Basi hatua zinazidishwa kwa 3, 6 na 4, na jumla inakuwa:

12NH₃ + 21O₂ → 8HNO₃ + 4NO + 14H₂O

Theluthi moja ya naitrojeni imepotea kama gesi, na kilo 17 za amonia sasa zinatoa kilo 42 za asidi kwa ukomo. Hatua ni zile zile tatu. Kilichobadilika ni uamuzi wa nini kirudi ndani. Kwa hiyo ukiona mlinganyo wa jumla wa kiwanda chochote, uliza umechukulia nini kinazungushwa. Mavuno halisi huwa chini zaidi, kwa sababu sehemu ya amonia hugeuka kuwa gesi ya naitrojeni badala ya NO.

Nitajuaje kwamba vitu viwili vinafutana?

Viwe pande tofauti za mshale, viwe na fomula ile ile, na viwe katika hali ile ile. Maji ya kimiminika hayafutani na mvuke. Na⁺ iliyo ndani ya maji haifutani na Na ya metali. Grafiti haifutani na almasi ingawa zote ni kaboni. Vitu vilivyo upande mmoja havifutani kamwe, hujumlishwa. Na kama kushoto kuna 5 na kulia kuna 3, kinachobaki ni 2 kushoto.

Kitu cha kati na kichocheo vyote vinafutika. Tofauti yao ni ipi?

Angalia nani alitangulia. Kitu cha kati huzaliwa katika hatua moja na kutumika katika hatua inayofuata. Kichocheo huingia mapema, hupotea kwa muda, kisha hurudi, kama fedha iliyoazimwa asubuhi ikarejeshwa jioni.

Mfano wa klorini na ozoni unaonyesha vyote viwili kwa mistari miwili:

Cl + O₃ → ClO + O₂
ClO + O → Cl + O₂

Jumla yake ni O₃ + O → 2O₂. Cl iliingia kwanza na kutoka mwisho: kichocheo. ClO ilizaliwa kwanza na kuliwa baadaye: kitu cha kati. Ukitazama jumla peke yake, klorini haipo kabisa, na usingeweza hata kuishuku. Lakini kwa sababu inarudi kila mara, atomu moja inaweza kuharibu ozoni mara nyingi mno kabla ya kunaswa na kitu kingine. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za klorofluorokaboni hupeleka klorini hiyo juu angani. Mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Paul Crutzen. Napenda kuutaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kilichofutwa kwenye karatasi bado kipo na kinafanya kazi.

Tanuru la chuma limenipa majibu mawili tofauti. Lipi ni sahihi?

Yote mawili, na swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Hatua zinazofundishwa ni hizi:

C + O₂ → CO₂
CO₂ + C → 2CO
Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Ukitaka kuondoa CO tu, hatua ya pili huzidishwa kwa 3 na ya tatu kwa 2. Hatua ya kwanza haihitajiki, na unapata 2Fe₂O₃ + 3C → 4Fe + 3CO₂. Ukiamua kwamba CO₂ yote ya hatua ya pili imetoka kwenye kaboni iliyoungua hatua ya kwanza, unazidisha ya kwanza kwa 3 na kupata 2Fe₂O₃ + 6C + 3O₂ → 4Fe + 6CO₂. Huu wa pili ni ule wa kwanza ulioongezewa 3C + 3O₂ → 3CO₂, yaani kaboni ya ziada iliyounguzwa kwa ajili ya joto. Swali la mtihani likikosa kusema lipi linatakiwa, andika umechukulia nini.

Nikipata ½O₂, nimekosea?

Hapana. Ni nusu moli, si nusu molekuli. Kwenye hesabu za joto nusu hiyo mara nyingi lazima ibaki, kwa kuwa thamani imetolewa kwa moli moja ya kitu kinachotengenezwa. Kwenye mlinganyo wa kawaida, zidisha kwa 2 uondoe sehemu.

Joto nalo linajumlishwa?

Linajumlishwa, na kazi hii kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Germain Henri Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi zake St. Petersburg, alitangaza kanuni hiyo mwaka 1840: joto la mmenyuko hutegemea mwanzo na mwisho, si njia. Joto hilo huandikwa ΔH, na huwa hasi likitolewa. Ukigeuza mlinganyo, alama ya ΔH inageuka. Ukizidisha kwa 3, ΔH nayo huzidishwa kwa 3.

Faida yake ni kupata joto usiloweza kulipima. Huwezi kuunguza kaboni ukapata kaboni monoksaidi tupu, kwani sehemu yake itageuka kaboni dayoksaidi tu. Lakini haya mawili yanapimika:

C + O₂ → CO₂, ΔH = −393.5 kJ
CO + ½O₂ → CO₂, ΔH = −283.0 kJ

Geuza la pili, ΔH yake iwe +283.0. Jumlisha. CO₂ inafutika, nusu ya oksijeni inafutika:

C + ½O₂ → CO, ΔH = −110.5 kJ

Jibu langu la joto linakaribia la kitabu lakini halilingani. Shida iko wapi?

Kagua hali ya maji kwanza. Moli moja ya maji ya kimiminika ikitengenezwa kutoka haidrojeni na oksijeni hutoa kJ 285.8, ikiwa mvuke, hutoa 241.8. Tofauti ni kJ 44 kwa kila moli. Methani ikiungua hutengeneza moli 2 za maji, kwa hiyo ukichanganya hali hizo jibu linahama kwa 88. Ukiona tofauti ya 44, 88 au 132, usihangaike kutafuta kwingine.

Konstanti za msawazo (K) nazo hujumlishwa?

Hizi huzidishwa. Ukijumlisha milinganyo miwili, K ya jumla ni K₁ × K₂. Ukigeuza mlinganyo, chukua 1/K. Ukizidisha mlinganyo kwa n, K hupandishwa kipeo cha n. Mfano: N₂ + O₂ ⇌ 2NO yenye K₁, na 2NO + O₂ ⇌ 2NO₂ yenye K₂, hutoa N₂ + 2O₂ ⇌ 2NO₂ yenye K₁K₂. Zote ziwe za jotoridi moja.

Na volti za elektrodi?

Hapa tahadhari. Ukiunganisha nusu mbili na elektroni zote zikafutika, unatoa volti ya moja kutoka kwa ya nyingine kama kawaida na huzidishi chochote, hata kama ulizidisha mlinganyo. Lakini ukijumlisha nusu mbili ili kupata nusu nyingine, volti hazijumlishiki. Tazama chuma (E° ni volti ya kila nusu katika hali sanifu):

Fe³⁺ + e⁻ → Fe²⁺, E° = +0.77 V
Fe²⁺ + 2e⁻ → Fe, E° = −0.44 V

Jumla yake ni Fe³⁺ + 3e⁻ → Fe. Anayejumlisha volti ataandika +0.33 V. Kinachojumlishika ni nishati, ambayo hutegemea idadi ya elektroni mara volti. Hivyo: (1 × 0.77) + (2 × −0.44) = −0.11, gawanya kwa elektroni 3, unapata takriban −0.04 V. Hata alama imegeuka. Aliyepata +0.33 angeamini Fe³⁺ inapokea elektroni hizo tatu kwa wepesi.

Naweza kutumia namba za mlinganyo wa jumla kuandika kanuni ya kasi?

Usifanye hivyo. Mmenyuko NO₂ + CO → NO + CO₂ unaonekana kama mgongano mmoja wa molekuli mbili. Katika jotoridi la chini, vipimo vinaonyesha kasi inafuata mraba wa kiasi cha NO₂, na kuongeza CO hakuiharakishi. Sababu inakuwa wazi ukirudi kwenye hatua:

NO₂ + NO₂ → NO₃ + NO (polepole)
NO₃ + CO → NO₂ + CO₂ (haraka)

Hatua ya polepole ndiyo inayoamua, na CO haimo ndani yake. Jumlisha mwenyewe uone NO₃ na NO₂ moja zikifutika.

Nikimaliza, nikague nini?

Atomu za kila elementi, kisha chaji, kisha angalia kama vitu ulivyokusudia kuviondoa vimekwisha kweli. Kama kuna elektroni iliyobaki, rudi nyuma. Mwishoni angalia kama namba zote zinagawanyika kwa namba moja. Hilo la mwisho ni unadhifu tu, si kosa, ila ukigawanya kumbuka kuigawanya ΔH pia.

Je, inawezekana jumla ikawa mmenyuko ambao hautokei ukichanganya vitu hivyo moja kwa moja?

Inawezekana kabisa, na kuna kiwanda kizima kilichojengwa juu ya jambo hilo. Njia ambayo Ernest Solvay wa Ubelgiji aliianzisha mwaka 1861 ya kutengeneza magadi (Na₂CO₃) ina jumla hii:

CaCO₃ + 2NaCl → Na₂CO₃ + CaCl₂

Tia mawe ya chokaa (CaCO₃) kwenye maji ya chumvi, usubiri upendavyo, hutapata magadi. Kinachotokea ndani ya maji ni kinyume chake: changanya Na₂CO₃ na CaCl₂, na CaCO₃ nyeupe itaganda papo hapo. Solvay alizunguka:

CaCO₃ → CaO + CO₂
CaO + H₂O → Ca(OH)₂
2NaCl + 2NH₃ + 2CO₂ + 2H₂O → 2NaHCO₃ + 2NH₄Cl
2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + CO₂ + H₂O
Ca(OH)₂ + 2NH₄Cl → CaCl₂ + 2NH₃ + 2H₂O

Hatua ya tatu ndiyo yenye ufundi. NaHCO₃ haiyeyuki sana kwenye maji baridi yenye chumvi nyingi, kwa hiyo inajitenga kama chembe na kuvuta mmenyuko mbele. Joto kali la tanuru ndilo linaloisukuma hatua ya kwanza, na joto tena linavunja NaHCO₃ katika ya nne. Amonia inaingia moli 2 na kutoka moli 2. Fuata CO₂: inatoka 1 kwenye hatua ya kwanza na 1 kwenye ya nne, zinaingia 2 kwenye ya tatu. Maji yanaingia 1 kwenye ya pili na 2 kwenye ya tatu, yanatoka 1 kwenye ya nne na 2 kwenye ya tano. Yote yanafutika, na kinachobaki ni mstari ule mfupi ambao peke yake usingeenda popote.